Mtakatifu aliyesinzia kwenye sala: jibu kwa mama wa jumuiya

Swali:

Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, na somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wetu, ni Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Tarehe 1 Oktoba tunasherehekea somo, nami nimepewa kazi ya kueleza maisha yake na maandishi yake. Nimejitahidi kusoma kitabu chake nimekwama. Machozi mengi, maua mengi, kila mara "mimi mdogo, mimi mdogo". Watu wazima wenye shida zao nitawaambia nini? Hiyo "njia ndogo" ni kufanya vitu vidogo kwa upendo tu, au kuna zaidi? Na tunaye mzee mgonjwa aliyeacha kusali. Anasema akisali anaongea na ukuta. Je, mtawa aliyekufa na miaka 24 ana neno lolote kwa mzee wa miaka 70?

Jibu:

Milele na milele, amina, mama. Nianze na hilo la kukwama, maana hata mimi nilikwama. Nilipopewa kitabu hicho nikiwa mnovisi, yaani mwanafunzi wa utawa, nilifika sura ya tatu nikakirudisha maktaba, nikaona ni habari za binti wa watu wenye nafasi aliyedekezwa na dada zake. Nilikirudia baada ya miaka mingi, nilipokuwa nauguza sista mwenzangu usiku na mchana, na safari hiyo nilikianza katikati. Hapo ndipo niliposikia sauti ya mtu mwingine kabisa.

Jambo la kwanza la kujua, na ambalo wengi hatuambiwi, ni kwamba Teresia hakuketi aandike kitabu. Kile tunachokiita Historia ya Roho ni maandishi matatu, yaliyoandikwa kwa watu watatu, katika nyakati tatu tofauti. Wataalamu wanayaita Hati A, B na C.

Hati A ilianza kwa maongezi ya jioni. Katika majira ya baridi ya mwisho wa 1894, Teresia alikuwa akiwasimulia dada zake visa vya utotoni. Marie, dada yake mkubwa, naye mtawa mle mle katika monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, Ufaransa, akamgeukia Pauline, dada yao mwingine, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mama mkuu kwa jina la Mama Agnès wa Yesu, akamwambia amwamuru mdogo wao aandike mambo hayo. Teresia akacheka, akidhani ni mzaha. Lakini amri ya mama mkuu ni amri. Mwaka mzima wa 1895 aliandika katika daftari za shule za bei rahisi, usiku baada ya sala ya mwisho, kijimeza cha kuandikia kikiwa magotini. Januari 1896 akamkabidhi Pauline, naye akaliweka daftari kando kwa miezi bila kulisoma. Kwa hiyo, mama, kile ulichosoma ukachoka ni mdogo wa mtu akiwaandikia dada zake habari za nyumbani. Kama kina maneno ya kitoto, ni kwa sababu waliokusudiwa kukisoma ndio waliomlea.

Na machozi yale yana sababu. Alizaliwa Alençon tarehe 2 Januari 1873, mtoto wa tisa na wa mwisho wa Louis Martin, fundi wa saa, na Zélie Guérin, mfuma lesi. Watoto wanne walikuwa wamekwisha kufa. Alipokuwa na miaka minne na nusu mama yake akafa kwa saratani ya matiti. Baba akahamia Lisieux na mabinti watano, na Pauline akawa mama wa pili. Teresia alipofika miaka tisa, Pauline akaingia utawani. Baadaye Marie naye akamfuata. Mtoto aliyefiwa na mama, kisha akaondokewa na kila aliyeshika nafasi ya mama, ndiye anayelia kwenye kurasa zile. Sisi tumewaona watoto wa namna hiyo. Wako kwenye jumuiya zetu, wamelelewa na bibi au shangazi, na tunawaita wadekaji.

Sasa angalia kilichotokea Noeli ya 1886. Familia imerudi kutoka Misa ya usiku. Kwa desturi yao, viatu vya watoto viliwekwa karibu na meko vikajazwa zawadi, na Teresia, aliyekaribia kutimiza miaka kumi na minne, bado alifanyiwa hivyo kama kitinda mimba. Baba yake alikuwa amechoka. Akasema maneno ambayo hakukusudia yasikike, kwamba heri huu ni mwaka wa mwisho wa mambo hayo. Teresia alikuwa anapanda ngazi kwenda kuvua kofia, akasikia. Céline, dada aliyemtangulia kuzaliwa, akaona macho yake yamejaa, akamsihi asishuke kwanza. Siku zote angelia, kisha angelia tena kwa sababu amelia. Usiku ule akayameza machozi, moyo ukimwenda mbio akashuka, akafungua zawadi akicheka, na baba akacheka naye. Tukio zima halikufika hata dakika kumi. Yeye mwenyewe ameliita uongofu wake, akasema kwamba kazi aliyoihangaikia miaka kumi bila kufaulu, Yesu aliimaliza kwa dakika moja. Neno "bila kufaulu" ulishike vizuri, mama, maana ndimo njia yake yote ilimoanzia.

Mambo yaliyofuata utayapata popote, nami nitayapita upesi. Alipigania kuingia Karmeli akiwa na miaka 15, hata akathubutu kumwomba Papa Leo XIII uso kwa uso, Roma, Novemba 1887, na walinzi wakambeba kumtoa. Aliingia tarehe 9 Aprili 1888. Akaweka nadhiri tarehe 8 Septemba 1890. Akafa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897. Miaka tisa na nusu ndani ya kuta zilezile, pamoja na masista wasiofika 30, katika nyumba yenye chumba kimoja tu chenye moto wakati wa baridi kali. Hakuanzisha shirika, wala hakupewa cheo kikubwa. Kazi yake ya kuwalea wanovisi aliifanya kama msaidizi.

Sasa swali lako la pili. Umesikia, kama sisi sote tulivyosikia mahubirini, kwamba njia ndogo ni kufanya mambo madogo kwa upendo mkubwa. Si uongo. Ila hayo ni matunda. Mti wenyewe ni mwingine, na ushahidi bora ninaoujua ni barua moja ya Septemba 1896.

Ilikuwa hivi. Marie alimwomba ampe kwa maandishi hayo mafundisho yake madogo. Teresia akaandika kurasa chache, ndizo Hati B, na kwangu hazina mfano katika maandishi ya kiroho ya karne ile. Humo anakiri kwamba kuwa mtawa hakumtoshi. Anatamani kuwa askari, padre, mtume, mwalimu wa Kanisa, shahidi, tena shahidi wa kila namna ya mateso. Tamaa hizo zinamsumbua mpaka anafungua Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12 na 13. Anasoma kwamba mwili una viungo vingi na si wote wanaoweza kuwa mitume. Jibu ni wazi lakini halimridhishi, anaendelea kusoma hadi kwenye njia iliyo bora zaidi. Hapo anaelewa kwamba kama Kanisa ni mwili, lina moyo, na moyo huo unawaka upendo. Upendo ukizimika mitume hawatahubiri tena, mashahidi hawatamwaga damu. Anaandika kwa furaha kwamba ameupata wito wake: katika moyo wa Kanisa, Mama yake, yeye atakuwa upendo.

Watu wengi huishia hapo, na hata kanga za sikukuu huandikwa maneno hayo. Lakini Marie alipozisoma kurasa zile alihuzunika. Akamjibu kwamba amejiona kama yule kijana tajiri wa Injili aliyeondoka na simanzi, kwa sababu yeye hana tamaa kubwa kama hizo. Hamu ya kufia dini hana. Teresia ana bahati sana, Marie hana.

Tarehe 17 Septemba Teresia akamrudishia barua, karibu kwa ukali wa upendo. Akamwambia kwamba tamaa zake za kufia dini si kitu, wala sizo zinazompa tumaini lisilo na mpaka analolisikia moyoni. Tena zinaweza kuwa mali ya kiroho inayomgeuza mtu kuwa dhalimu, akizitegemea kana kwamba ni jambo kubwa. Kinachompendeza Mungu katika roho yangu, anasema, ni kuniona napenda udogo wangu na umaskini wangu, na tumaini la upofu nililo nalo katika huruma yake. Kisha anaandika sentensi ambayo Papa Fransisko aliichukua kuwa mwanzo wa waraka wake wa Oktoba 2023 juu ya Teresia: ni imani ya kumtumaini Mungu, na si kingine ila kumtumaini, inayopaswa kutufikisha kwenye Upendo.

Hiyo ndiyo njia ndogo, mama. Mtu asiyeweza hajifanyi anaweza, wala hakati tamaa. Anakuja hivyo hivyo.

Namna alivyoipata inafaa kusimuliwa kwenye sherehe yenu, maana inaanzia kwenye daftari la mkono. Monasterini hakuwa na Agano la Kale zima la kwake. Céline alipoingia Septemba 1894, baada ya kumuuguza baba yao hadi kifo, alikuja na daftari alilonakili vifungu vya Maandiko. Teresia alikuwa akijilinganisha na watakatifu wakubwa, akajiona kama punje ya mchanga mbele ya mlima. Kukua hawezi, kukata tamaa hataki. Alikuwa amesafiri Italia na kuona nyumba za matajiri zenye lifti badala ya ngazi, akajiuliza kama haipo lifti ya kumpandisha hadi kwa Yesu. Katika daftari lile akakuta Mithali 9:4 kwa maneno haya: aliye mdogo sana na aje kwangu. Ukifungua Biblia yetu ya Kiswahili utakuta "kila aliye mjinga". Usifadhaike, yeye alisoma tafsiri iliyofuata Kilatini, ambacho kinasema "mdogo". Akataka kujua Mungu atamfanya nini huyo mdogo akija, akatafuta tena, akakuta Isaya 66, pale Mungu anaposema atafariji kama mama, kwamba watabebwa na kubembelezwa juu ya magoti. Akaandika: lifti itakayonipandisha mbinguni ni mikono yako, ee Yesu. Na kwa hilo hahitaji kukua. Anatakiwa abaki mdogo, azidi kuwa mdogo.

Mimi nikifundisha hapo huwaambia akina mama wafikirie mbeleko. Mtoto aliye mgongoni hapandi mlima kwa miguu yake, wala hawezi kujisifu kwamba ameupanda. Lakini kileleni anafika.

Kwa sababu hiyo mwaka 1895, siku ya Utatu Mtakatifu, tarehe 9 Juni, alipojitoa sadaka kwa Upendo wenye huruma wa Mungu, aliweka maneno yanayoweza kuwashtua hata watawa wazuri: jioni ya maisha haya nitatokea mbele yako mikono mitupu, maana sikuombi, Bwana, uyahesabu matendo yangu. Kumbuka zama zile. Kulikuwa na watawa waliojitoa sadaka kwa haki ya Mungu, ili adhabu za wakosefu ziwaangukie wao. Aliwastahi, lakini hakuvutwa huko hata kidogo.

Nasisitiza haya kabla ya vile visa vidogo, kwa kuwa visa bila msingi huo hugeuka mzigo. Nimewaona wanovisi wakihesabu matendo madogo ya upendo kama mtu ahesabuye senti, na jioni wamevunjika moyo. Msingi ukishakaa, visa vinapata ladha yake.

Nakupa kimoja. Kulikuwa na sista mzee mgonjwa, Sista Saint-Pierre, asiyeridhika na lolote. Kila jioni, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, mtu alipaswa kumtoa kwenye sala hadi chumba cha kulia. Teresia, mnovisi bado, akajitolea. Ishara ilikuwa bibi huyo kuutikisa mtambo wa mchanga wa kupimia saa, maana yake twende. Benchi lisogezwe kwa namna yake, ashikwe mkanda kwa nyuma, mwendo usiwe wa haraka wala wa polepole. Akijikwaa kidogo, lawama: umri wako mdogo mno, utaniangusha. Wakifika, kumkalisha kulikuwa na utaratibu, kukunja mikono ya vazi kulikuwa na utaratibu. Kisha Teresia angeweza kwenda zake. Lakini aliona kwamba vidole vya bibi yule, vilivyopinda, vinapata taabu kuumega mkate. Hakuombwa, akawa anaumega yeye kila jioni, na kabla ya kuondoka anampa tabasamu lake zuri kuliko yote. Ni tabasamu hilo, anasema baada ya miaka, lililomfungulia moyo wa mgonjwa.

Jioni moja ya baridi, katikati ya kazi hiyo, akasikia kwa mbali muziki wa vyombo. Akaona akilini sebule yenye taa na dhahabu, wasichana waliopambwa wakiambiana maneno matamu. Akamtazama mgonjwa wake, ukuta wa matofali, mwanga hafifu. Badala ya nyimbo, manung'uniko. Anaandika kwamba hawezi kueleza kilichompata rohoni, ila anajua asingebadilisha dakika kumi zile kwa miaka elfu ya karamu za dunia.

Kuna kingine kifupi ambacho wenye majirani watakielewa. Kwenye tafakari ya jioni, sista aliyekaa nyuma yake alitoa sauti ndogo ya kukera, kama makombe mawili yanayosuguliwa. Teresia alitaka kugeuka amtazame mpaka jasho likamtoka. Akashindwa kuizuia kero, akashindwa kusali. Basi akaamua kuisikiliza sauti ile vizuri kama tamasha, akamtolea Yesu hilo tamasha. Anasema wazi kwamba halikuwa tamasha la kumtuliza mtu! Sala yake jioni ile ndiyo hiyo, hakuwa na nyingine.

Ndivyo tunavyofika kwa mzee wenu.

Kwanza aambiwe kwamba somo wa jumuiya yake alisinzia kwenye sala. Ameandika mwenyewe: ilipasa nihuzunike kwa kusinzia miaka saba katika saa za sala na katika kushukuru baada ya Komunyo, lakini sihuzuniki, kwa kuwa watoto wadogo huwapendeza wazazi wakiwa wamelala kama wakiwa macho. Rozari ilimgharimu kuliko kuvaa kifaa cha kujitesa. Anakiri hilo karibu na mwisho wa maisha yake, yeye aliyempenda Bikira Maria na kumtungia shairi refu mwezi Mei 1897. Akili ikikauka kabisa alikuwa anasema Baba Yetu polepole, kisha Salamu Maria, basi. Hizo, anasema, zilimlisha kuliko angezisema mara mia kwa haraka.

Lakini kuna zito kuliko ukavu. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, Aprili 1896, baada ya kukesha hadi saa sita, alikwenda kulala. Kichwa kilipogusa mto akasikia kitu kinabubujika mpaka midomoni. Taa alikuwa amekwisha kuizima. Hakuiwasha tena, akasubiri kuche. Asubuhi akasogea dirishani na kitambaa chake akaona ni damu. Akafurahi, maana imani yake ilikuwa hai kiasi kwamba habari ya kufa ilikuwa habari ya kufika kwa Yesu.

Siku chache baadaye, ndani ya Pasaka ile ile, imani hiyo ikafunikwa na giza, na giza halikuondoka hadi kufa kwake, miezi kumi na minane. Anaeleza katika Hati C, aliyomwandikia mama mkuu Marie de Gonzague mwezi Juni 1897. Akitaka kuupumzisha moyo kwa kuikumbuka nchi ya mbinguni, giza linachukua sauti ya wakosefu na kumdhihaki: unaota nuru, unaota kumiliki Muumba milele, songa mbele, furahia kifo, hakitakupa unachokitumaini bali usiku mzito zaidi, usiku wa utupu. Baada ya kuandika hayo anasimama. Anaogopa kuendelea asije akakufuru.

Watu walizisoma tungo zake za wakati huo, zenye mbingu tele, wakadhani anaogelea katika faraja. Anawajibu kwamba anaimba kile anachotaka kukiamini. Anasema katika mwaka mmoja amefanya matendo ya imani mengi kuliko maisha yake yote. Kanuni ya Imani aliiandika kwa damu yake akaibeba kifuani. Na hapa ndipo ninapomwona mkubwa kuliko nilivyoweza kuona nikiwa mnovisi. Hakusema, wao hawaamini na mimi naamini. Kabla ya hapo alidhani hakuna mtu asiyeamini kwa kweli. Sasa amejua wapo. Akakubali kukaa nao meza moja, meza ya uchungu, kula mkate ule ule, akiomba kwa jina lake na kwa niaba ya ndugu zake: utuhurumie, Bwana, maana sisi ni wakosefu maskini.

Kuna tukio lililomgusa katikati ya hayo, nalo halitajwi sana. Mtu aitwaye Léo Taxil alikuwa amewadanganya Wakatoliki wa Ufaransa kwa miaka kwamba yuko mwanamke, Diana Vaughan, aliyetoka katika ibada za shetani akaongoka. Monasteri ya Lisieux ilimwamini kama wengine, na Teresia alimtumia picha yake akiwa amevaa kama Jeanne d'Arc katika mchezo alioutunga mwenyewe. Tarehe 19 Aprili 1897 Taxil alisimama mbele ya watu Paris akatangaza kwamba mwanamke huyo hajawahi kuwepo, na picha ya Teresia ikaonyeshwa pale ukutani. Miezi miwili baadaye anaandika kurasa zile za meza ya wakosefu. Amedhihakiwa na asiyeamini, naye anachagua kuketi pamoja nao.

Kwa hiyo mzee wenu anaposema anaongea na ukuta, asiambiwe kwamba amepoteza imani, wala asihubiriwe furaha. Teresia naye alitumia neno hilo hilo. Aliandika kwamba imani kwake si pazia tena, ni ukuta uliopanda hadi mbinguni na kuzifunika nyota. Msomee mzee sentensi hiyo taratibu. Halafu mwambie kwamba mwandishi wake ametangazwa mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamweka kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Huenda jumuiya ikakuuliza pia kama ana uhusiano wowote na sisi huku. Upo, na ni wa barua. Teresia, Msimamizi wa Misioni kwa tangazo la Papa Pius XI la mwaka 1927, hakuwahi kukanyaga nchi ya misioni, lakini alipewa ndugu wawili wa kiroho wa kuwaombea. Mmoja, Adolphe Roulland, alikwenda China. Wa pili alikuwa mseminari Maurice Bellière, aliyefiwa na mama akalelewa na dada ya mama yake, mwoga, mwenye kujilaumu daima kwa makosa ya ujana. Alijiunga na Mapadre Weupe, shirika lile lile lililoleta imani Katoliki Tabora, Bukoba na Uganda. Barua za Teresia kwake za miezi ya mwisho ziliandikwa na mgonjwa asiyeweza kuinuka, na ni barua za mtu anayemtia moyo aliye mzima. Katika mojawapo, ya Julai 1897, anampa mfano wa watoto wawili waliokosa. Baba anakuja kuwaadhibu. Mmoja anatetemeka na kukimbia. Wa pili anajitupa mikononi mwa baba, anasema amesikitika, na anaomba aadhibiwe kwa busu. Baba anajua kwamba mtoto huyu ataanguka tena katika makosa yale yale, lakini yuko tayari kumsamehe daima, ilimradi daima amshike kwa moyo. Bellière alipanda meli kwenda Algeria tarehe 29 Septemba 1897, na kesho yake jioni Teresia akafa. Baadaye alitumwa Nyasa, Malawi ya leo, akafanya kazi huko miaka michache, akarudi Ufaransa mgonjwa na kufa mwaka 1907. Hakuwa shujaa wa kusimuliwa. Alikuwa mtu wa kawaida aliyepata barua nzuri.

Sasa kuhusu maandalizi. Usisome kitabu kwa mpangilio kilivyochapwa. Anza na Hati B, haizidi kurasa chache na inaweza kusomwa kwa saa moja. Kisha barua ya tarehe 17 Septemba 1896, ambayo ndiyo ufunguo wake. Halafu Hati C. Hati A iache mwisho. Ukiirudia baada ya kuyajua ya mwisho utaona machozi yale kwa jicho jingine. Kama una toleo la zamani, ujue kwamba Pauline alilisahihisha mno kabla ya kulichapa tarehe 30 Septemba 1898, mwaka kamili tangu kifo cha mdogo wake. Alilainisha, akakata, akaligawa katika sura. Maandishi yenyewe kama yalivyotoka mkononi mwa Teresia yalichapwa mwaka 1956. Tafuta tafsiri iliyofuata hayo. Tofauti utaiona hasa kwenye giza la imani.

Maua kwenye sanamu msiyaondoe; aliahidi kwamba atatumia mbingu yake kutenda mema duniani, na watu wameomba na kupata. Ila waoneshe jumuiya kile kilicho chini ya maua mikononi mwake. Ni msalaba.

Na kwa mzee, ukishamsomea habari ya ukuta, beba Hati C mara nyingine umsomee ukurasa wa mwisho. Teresia aliyaandika hayo bustanini, ameketi katika kiti cha magurudumu kilichokuwa cha baba yake wakati wa ugonjwa, chini ya miti. Masista walipita kila dakika kumpa pole, mmoja na maua, mwingine na neno la kumburudisha, akasema hajui kama amewahi kuandika mistari kumi bila kukatizwa. Homa ilizidi, wino ukawa mzito kwake, akamalizia kwa penseli mwanzoni mwa Julai. Anaandika kwamba hata kama angekuwa na dhambi zote zinazoweza kutendwa, angekwenda, moyo umevunjika kwa toba, kujitupa mikononi mwa Yesu, maana anajua anavyompenda mwana mpotevu anayemrudia. Anasema hamwendei Mungu kwa sababu amekingwa na dhambi ya mauti, bali anainuka kumwendea kwa kumtumaini na kwa upendo. Penseli inaishia hapo, kwenye neno upendo. Hakuna nukta ya mwisho ya hadithi, hakuna kwaheri. Msomee mpaka hapo, ufunge kitabu, ukae naye kidogo.